Abebe Bikila: Bingwa aliyeishia njiani siku Mbulu ilipojulikana duniani

Na Mwandishi Wetu, Mbulu

UKIFIKA Mbulu mjini, au Katesh wilayani Hanang, na kuwauliza watu kuhusu marathoni ya Olimpiki ya Mexico ya mwaka 1968, jina la kwanza utakalotajiwa ni la John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu aliyemaliza mbio hizo akiwa wa mwisho, goti likiwa limefungwa bandeji na giza likiwa limeshaingia uwanjani.

Ni wachache wanaokumbuka kwamba siku hiyo hiyo, Jumapili ya Oktoba 20, 1968, mkimbiaji aliyekuwa mkubwa kuliko wote duniani alikuwa ameshatoka barabarani kabla hata Akhwari hajaanguka.

Mkimbiaji huyo ni Abebe Bikila wa Ethiopia, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1960 na 1964. Katika karatasi ya matokeo ya Mexico, Mtanzania aliyechechemea hadi mwisho anaonekana katika nafasi ya 57. Bikila hana nafasi wala muda; anatajwa tu miongoni mwa wale 18 walioanza na hawakumaliza.

Kwa mpenzi wa riadha, hiyo ni sehemu ya maisha ya Bikila isiyosimuliwa mara nyingi. Wengi hupenda kusimulia usiku wa Roma alipokimbia pekupeku. Lakini bingwa hupimwa pia kwa msimu wake mbaya, na taifa lake nalo hupimwa kwa namna linavyomtendea msimu huo unapofika.

Mtoto wa mfugaji

Abebe Bikila alizaliwa Agosti 7, 1932 katika kijiji cha Jato, kwenye nyanda za juu za Shewa nchini Ethiopia. Kwa sadfa, siku hiyo ndiyo iliyokimbiwa marathoni ya Olimpiki ya Los Angeles, Marekani.

Baba yake alikuwa mfugaji, na yeye mwenyewe alikulia katika kazi ya kuchunga. Maisha ya namna hiyo hayahitaji maelezo marefu kwa mtu wa Mbulu au Hanang, ambako mtoto wa Kiiraqw au wa Kibarabaig huanza kuhesabu ng'ombe kabla ya kuhesabu madaftari.

Kuna jambo jingine linalowakaribisha watu wa pande hizi mbili. Bikila alikuwa Mworomo, na lugha ya Kioromo pamoja na ile ya Kiiraqw huwekwa na wataalamu wa isimu katika jamii moja ya lugha za Kikushi, ingawa matawi yake ni tofauti na yametengana kwa maelfu ya miaka.

Utoto wake ulipita katika kipindi kigumu. Mwaka 1935 majeshi ya Italia chini ya Mussolini yaliivamia Ethiopia, na Mfalme Haile Selassie akalazimika kukimbilia uhamishoni hadi aliporejea mwaka 1941.

Alipokuwa kijana, Bikila alikwenda Addis Ababa na kujiunga na Kikosi cha Walinzi wa Mfalme. Huko ndiko alikokutana na mtu aliyebadili maisha yake, Onni Niskanen, raia wa Sweden aliyekuwa ameajiriwa na serikali ya Ethiopia kusimamia mazoezi ya viungo na michezo.

Niskanen hakuwa kocha wa maneno mengi. Aliwapima vijana wake kwa saa na kwa kilomita, akawakimbiza milimani na barabarani, wakati mwingine wakiwa na viatu na wakati mwingine bila viatu, huku akiandika kila kitu. Kutoka kundi hilo la askari, Bikila alichomoza akiwa amechelewa kwa viwango vya sasa. Alipokwenda Roma alikuwa na umri wa miaka 28.

Usiku wa Roma

Mwaka 1960 ulikuwa mwaka wa Afrika. Nchi 17 za bara hili zilipata uhuru katika miezi 12, na Tanganyika ilikuwa imebakiza mwaka mmoja na ushei kufikia siku yake. Hata hivyo, hadi wakati huo hakuna Mwafrika mweusi kutoka kusini mwa Sahara aliyekuwa ametwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki kwa niaba ya nchi yake.

Jioni ya Septemba 10, 1960, wakimbiaji wa marathoni walipojipanga Roma, jina la Bikila halikuwa kinywani mwa waandishi wa habari. Kilichowavutia watu ni miguu yake mitupu. Viatu alivyovijaribu vilimsumbua, na kwa kuwa alikuwa amezoea kufanya mazoezi pekupeku, aliamua kuingia mbioni hivyo hivyo.

Mbio zile zilipangwa kumalizika usiku ili kukwepa joto. Sehemu ya njia, katika barabara ya kale ya Appia, iliangazwa na mienge iliyoshikwa na askari waliopangwa kando ya barabara.

Kilomita za mwisho zilibaki na watu wawili, Bikila na Rhadi ben Abdesselam wa Morocco. Walikwenda sambamba, hakuna aliyemwangalia mwenzake, hadi walipokaribia mnara wa Aksum.

Mnara huo wa mawe ulikuwa mali ya Ethiopia. Italia iliuondoa Aksum mwaka 1937 wakati wa uvamizi na kuusimika katikati ya Roma kama alama ya ushindi. Ni katika eneo hilo ndipo Bikila alipoongeza kasi na kumwacha Mmorocco.

Alimaliza chini ya Tao la Constantine kwa saa 2:15:16, muda bora zaidi duniani wakati huo, akimtangulia Rhadi kwa sekunde 25. Askari wa Mfalme wa Ethiopia alikuwa amepata ushindi katika mji ule ule ambako Mussolini alitangaza vita dhidi ya nchi yake.

Mnara wenyewe ulilazimika kusubiri zaidi. Italia iliurudisha Ethiopia mwaka 2005, na ukasimikwa tena Aksum mwaka 2008, miaka 48 baada ya mkimbiaji yule kuupita usiku.

Miezi mitatu baada ya kurejea nyumbani akiwa shujaa, Bikila alijikuta katika hatari ya aina nyingine. Desemba 1960 viongozi wa Kikosi cha Walinzi, kikosi chake mwenyewe, walijaribu kumpindua Mfalme aliyekuwa safarini Brazil. Jaribio lilishindwa, na askari wengi wa kikosi hicho wakakamatwa, Bikila akiwa miongoni mwao. Ilipobainika hakuhusika, aliachiwa.

Tokyo na siri ya mazoezi

Baada ya Roma, Bikila alishinda marathoni Athens, Osaka na Košice katika mwaka mmoja wa 1961. Mwaka 1963 alikwenda Boston, Marekani, pamoja na Mwethiopia mwenzake Mamo Wolde. Walianza kwa kasi kubwa, lakini baridi na vilima vya mji ule viliwashinda, na Bikila akamaliza wa tano.

Hiyo ndiyo marathoni pekee ya kimataifa aliyowahi kuimaliza bila kushinda. Katika maisha yake yote alishiriki marathoni 16 na kushinda 12.

Michezo ya Tokyo ya mwaka 1964 ilipokaribia, mambo yalionekana kuharibika. Septemba mwaka huo alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, zikiwa zimebaki takriban wiki tano kabla ya mbio. Wapo waliodhani angekwenda Japan kutazama tu.

Oktoba 21, 1964 alikimbia, safari hii akiwa na viatu, na akashinda kwa saa 2:12:11. Aliyemfuata, Basil Heatley wa Uingereza, aliingia zaidi ya dakika nne baadaye. Bikila akawa mtu wa kwanza kutwaa dhahabu ya marathoni katika Olimpiki mbili, tena zote kwa muda bora zaidi duniani.

Watazamaji waliojaa uwanjani walishangazwa zaidi na alichokifanya baada ya kuvuka mstari. Badala ya kuanguka kwa uchovu kama wengine, alikwenda kwenye nyasi na kuanza kunyoosha viungo, kana kwamba mbio zilikuwa bado hazijaanza.

Siku hiyo hiyo uwanjani humo kulikuwa na mtu mwingine ambaye habari zake zinapaswa kusomwa pamoja na za Bikila. Kokichi Tsuburaya wa Japan aliingia uwanjani akiwa wa pili, mbele ya wananchi wake, lakini Heatley akampita katika mzunguko wa mwisho. Alipata medali ya shaba.

Kwa mtu mwingine shaba ile ingekuwa sherehe. Kwa Tsuburaya iligeuka deni. Majeraha yalimwandama alipojiandaa kwa Mexico, matarajio ya taifa yakamwelemea, na Januari 1968, miezi michache kabla ya Olimpiki, alijiua akiwa na umri wa miaka 27.

Msimu uliokwenda kombo

Mwaka 1966 Bikila bado alikuwa akishinda. Alitwaa marathoni ya Zarautz nchini Hispania, kisha akashinda nyingine Korea Kusini.

Mwaka uliofuata alirudi Zarautz, na hapo ndipo gari lilipoanza kuharibika. Aliumia mguu na kushindwa kumaliza. Hakuna aliyejua wakati ule kwamba bingwa yule asingemaliza tena marathoni nyingine yoyote.

Alikuwa ameshakaribia miaka 35. Mwili uliokuwa ukitii amri kwa miaka saba ulianza kugoma, na jeraha moja likazaa jingine. Pamoja na hayo, Ethiopia ilimhesabu kama tegemeo lake la Mexico, na dunia ilisubiri kuona kama angeweza kushinda mara ya tatu mfululizo.

Mexico City iko zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. Wataalamu wa Ulaya na Marekani walijadili kwa miaka kadhaa madhara ya hewa nyepesi kwa wanariadha. Kwa Bikila, aliyeishi na kufanya mazoezi Addis Ababa, mji ulio juu zaidi ya huo, hewa haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa mguu.

Kwa heshima ya ushindi wake wa nyuma alipewa namba moja kifuani. Wakimbiaji 75 walianza. Kwa muda alikwenda pamoja na kundi la mbele, lakini ilipofika takriban kilomita 17, alitoka pembeni ya barabara. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevunjika mfupa.

Inasimuliwa kwamba kabla ya kujitoa alimtaka Mamo Wolde aendelee na kuhakikisha dhahabu inarudi Ethiopia. Mamo, aliyekuwa ameshapata medali ya fedha katika mita 10,000 nyuma ya Naftali Temu wa Kenya, alifanya hivyo hasa. Alishinda kwa saa 2:20:26, na Ethiopia ikawa imetwaa marathoni tatu za Olimpiki mfululizo.

Saa moja baada ya mshindi

Kilomita mbili hivi baada ya Bikila kutoka, yaani karibu na kilomita ya 19, wakimbiaji waligongana na Akhwari akaanguka. Goti lilitenguka na bega likaumia vibaya. Alifungwa bandeji, akarudi barabarani.

Mbulu wakati huo ilikuwa ndani ya Mkoa wa Arusha; Mkoa wa Manyara, ambao leo unazibeba wilaya za Mbulu na Hanang, uliundwa mwaka 2002. Nje ya Tanzania, ni watu wachache waliopata kulisikia jina la mahali hapo.

Zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde kushinda, wakati watazamaji wengi walishaondoka na taa zimewashwa, Akhwari aliingia uwanjani akiburuta mguu. Alimaliza kwa saa 3:25:27. Jibu alilowapa waandishi waliomuuliza sababu ya kutokata tamaa linafahamika na kila mwanafunzi wa shule za msingi za Mbulu, na halihitaji kurudiwa hapa.

Kinachostahili kusemwa, kwa kuwa mara nyingi husahaulika, ni kwamba Akhwari hakuwa mkimbiaji dhaifu aliyepata umaarufu kwa kuchelewa. Mwaka 1970 alimaliza wa tano katika marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Edinburgh, kwa saa 2:15:05. Muda huo ni bora kuliko ule uliompa Bikila dhahabu na rekodi pale Roma.

Mwaka 1983 serikali ilimtunuku medali ya ushujaa, na mwaka 2008 alikuwa miongoni mwa waliobeba mwenge wa Olimpiki ya Beijing ulipopita Dar es Salaam.

Wapo wanaopenda kuwalinganisha watu hawa wawili na kusema mmoja alikuwa jasiri na mwingine alikata tamaa. Ulinganisho huo si wa haki. Mfupa uliovunjika haukimbiliwi kilomita 25, na mwanariadha anayejua kusimama kwa wakati anaweza kuwa ameokoa mguu wake. Ushujaa wa Akhwari ni wa kuenziwa. Kuugeuza kuwa amri kwa kila mtoto mwenye maumivu ni kosa.

Usiku wa Machi 22

Bikila aliporejea Addis Ababa bila medali, hakufukuzwa wala kudharauliwa. Aliendelea na utumishi wake katika kikosi, ambako alikuwa amepanda kutoka askari wa kawaida hadi cheo cha ofisa, na baadaye alikufa akiwa kapteni.

Lakini mkosi mkubwa zaidi ulikuwa bado njiani. Usiku wa Machi 22, 1969, miezi mitano baada ya Mexico, alikuwa akiendesha gari lake dogo aina ya Volkswagen nje ya Addis Ababa. Gari lilipinduka, naye akabanwa ndani hadi alipopatikana asubuhi.

Uti wa mgongo ulikuwa umeumia. Mwanzoni hakuweza hata kugeuza kichwa. Mtu aliyekimbia kilomita 42 mara mbili na kuishangaza dunia alikuwa amelala kitandani akisubiri kugeuzwa na wauguzi.

Mfalme aliagiza apelekwe Uingereza, katika Hospitali ya Stoke Mandeville, iliyosifika kwa kutibu majeraha ya uti wa mgongo. Alikaa huko miezi minane. Malkia Elizabeth II alikuwa miongoni mwa waliofika kumjulia hali. Taratibu mikono ilipata nguvu tena, lakini miguu haikurudi.

Stoke Mandeville haikuwa hospitali tu. Ndiko Dk. Ludwig Guttmann alikoanzisha michezo ya wagonjwa wa viti vya magurudumu mwaka 1948, mbegu iliyozaa Michezo ya Paralimpiki. Daktari huyo aliamini kwamba mgonjwa anayeshindana ni mgonjwa anayeishi.

Bikila alielewa somo hilo haraka. Mwaka 1970 alishiriki michezo ya Stoke Mandeville katika kulenga shabaha kwa upinde na mpira wa meza. Mwaka 1971 alikwenda Norway na kushinda mbio za kilomita 25 za sleji kwenye theluji.

Mwaka 1972 alialikwa Olimpiki ya Munich kama mgeni wa heshima. Aliingia uwanjani katika kiti cha magurudumu na watazamaji wakasimama kumshangilia. Frank Shorter wa Marekani alitwaa dhahabu ya marathoni, na Mamo Wolde, akiwa amevuka umri wa miaka 40, akapata shaba. Shorter alikwenda kumpa mkono Bikila.

Abebe Bikila alifariki dunia Oktoba 25, 1973 mjini Addis Ababa kwa kuvuja damu kwenye ubongo, tatizo lililohusishwa na ajali ile. Alikuwa na umri wa miaka 41. Aliacha mke, Yewebdar, na watoto wanne.

Haile Selassie alitangaza maombolezo ya kitaifa na kuhudhuria mazishi yeye mwenyewe, pamoja na makumi ya maelfu ya wananchi. Chini ya mwaka mmoja baadaye, Septemba 1974, Mfalme huyo naye aliondolewa madarakani.

Somo kwa Mbulu na Hanang

Kwa nini maisha ya Mwethiopia yasomwe Mbulu na Hanang? Kwa sababu wilaya hizi mbili na majirani zake zimekuwa chimbuko la riadha ya Tanzania, na kwa sababu zinayajua mavuno na ukame wa mchezo huo.

Kutoka Katesh, chini ya Mlima Hanang wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, alitoka Gidamis Shahanga. Alitwaa dhahabu ya marathoni ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton mwaka 1978, kisha dhahabu ya mita 10,000 mjini Brisbane mwaka 1982. Kutoka Karatu, eneo ambalo zamani lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu, alitoka Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974.

Medali mbili za fedha walizopata Bayi na Suleiman Nyambui mjini Moscow mwaka 1980 ndizo pekee ambazo Tanzania imezipata katika historia yake ya Olimpiki hadi Michezo ya Paris ya mwaka 2024. Kwa zaidi ya miaka 40, kila msafara ulioondoka na bendera umerudi mikono mitupu, na kila safari maswali yamekuwa yale yale: nani alaumiwe na nani aachwe.

Ni rahisi kumwacha aliyeshindwa. Kijana anakimbia vizuri akiwa na umri wa miaka 20, anapelekwa mashindano ya nje, anaumia au anazidiwa, anarudi. Uwanja wa ndege hakuna mtu wa kumpokea. Baada ya msimu mmoja jina lake halisomwi tena, na anarudi kijijini kulima au kuchunga bila matibabu ya goti lake.

Mfano wa karibu unaonyesha hasara ya tabia hiyo. Alphonce Simbu, anayetoka mkoa jirani wa Singida, alipata shaba ya dunia London mwaka 2017, lakini alikwenda Olimpiki tatu, Rio, Tokyo na Paris, na kurudi bila medali. Aprili 2025 alimaliza wa pili Boston, mji ule uliomshinda Bikila mwaka 1963.

Septemba 15, 2025, akiwa na umri wa miaka 33, Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni katika mji wa Tokyo, akimshinda Amanal Petros wa Ujerumani kwa tofauti ya sehemu ndogo ya sekunde. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Kama angehesabiwa amekwisha baada ya Paris, dhahabu hiyo isingekuwapo.

Maisha ya Bikila hayasemi kwamba kila anayeshindwa atashinda tena. Yeye hakushinda tena marathoni, na miguu yake haikupona. Yanachosema ni kwamba Ethiopia haikusubiri ashinde ndipo imtibu. Ilimpeleka hospitali bora iliyoweza kupatikana, ikamwacha aendelee kuitwa bingwa akiwa katika kiti cha magurudumu, na ilipofika siku ya kumzika ikasimamisha shughuli zake.

Vijana waliomwona akirudi bila medali mwaka 1968 waliona pia kwamba mlango wa nyumbani haukufungwa. Miaka 12 baada ya Mexico, Ethiopia ilikuwa na Miruts Yifter akitwaa dhahabu mbili mjini Moscow, na baada yake wakaja Haile Gebrselassie na Kenenisa Bekele.

Asubuhi yoyote katika barabara za vumbi za Mbulu na Hanang, watoto bado wanakimbia kwenda shule. Miongoni mwao wapo watakaoshinda, na walio wengi zaidi wataishia njiani au kuingia wa mwisho. Halmashauri, shule na vyama vya riadha vina mipango ya kuwapata wale wa kwanza. Mpango unaohitajika zaidi ni wa wale wengine: daktari wa kumpima aliyeumia, kocha mwenye uthubutu wa kumwambia asimame, na watu wa kumpokea akirudi.